KALENDA YA MIHURI YA MPIRA
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi



Kalenda inayochapwa kiwandani ina upungufu mmoja usiotibika: huchapwa kabla ya mwezi kuandama. Mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na mwaka wake siku 354 au 355. Kwa sababu hiyo Idd hutangulia kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka wa miladi. Mchapaji hukisia tu. Akikosea, mzee aliyetoka Makunduchi au Nungwi kufuata shughuli yake mjini hukuta ofisi imefungwa, na nauli imekwisha kwenda.

Bara nako hali ni hiyo hiyo. Katika kata ya Zombo, wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, Idd hungojea mwandamo kama Unguja na Pemba. Na mkulima wa huko, anayetazamia masika ya Machi hadi Mei, hafaidiki sana na picha ya jengo la benki iliyotundikwa ukutani miezi 12. Kalenda iliyotengenezwa kwa mkono humfaa zaidi, kwa kuwa huandikwa yale yanayomhusu.

Vifaa ni karatasi ya manila, rula, wembe, pedi ya wino na raba ngumu ya kufutia. Tarakimu zichongwe kinyume, kama zionekanavyo katika kioo. Mihuri 9 yatosha, maana 6 ikigeuzwa juu chini huwa 9. Katika mwezi wa siku 31, muhuri wa 1 hupigwa mara 14 na wa 2 mara 13, ilhali wa 4 hupigwa mara 3 tu. Hivyo 1 na 2 zichongwe katika kipande kigumu kuliko vyote, la sivyo zitafifia kabla ya mwaka kumalizika. Wino usizidi. Wino mwingi huvuja na kuziba tundu la 8.

Sikukuu zenye tarehe maalumu, kama vile 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili na 9 Disemba, zipigwe kwa wino tangu awali. Siku za Idd zitiwe alama ya penseli. Muhuri wa mwezi mwandamo upigwe baada ya tangazo. Wavuvi waweza kuongeza alama ya kusi na kaskazi, na wakulima alama ya jembe.

Kurasa zitobolewe juu na kufungwa kwa kamba ya katani, ambayo Kilosa, wilaya ya mashamba ya mkonge, haina haja ya kuiagiza mbali.

Watumishi wakumbuke kwamba muhuri wa ofisi ni wa nyaraka za Serikali. Usitumike katika kazi hii hata kwa pambo, wala asichonge mtu muhuri unaofanana nao, maana hilo ni kosa la jinai.