Kuchagua Kadi ya Sauti kwa Studio ya Nyumbani



Mmetuomba tuzungumzie kifaa kimoja tu, kile ambacho mafundi wa studio hukiita kadi ya sauti: kisanduku kinachokaa baina ya maikrofoni na kompyuta, kikigeuza sauti kuwa tarakimu na tarakimu kuwa sauti. Hatutawaambia mnunue nembo ipi, kwa kuwa hiyo si kazi yetu. Kazi yetu ni kumsaidia mlaji kuyasoma maneno ya sanduku kabla fedha hazijamtoka.

Tuanze na lalamiko lililotufikia. Kwaya moja ilichanga fedha kwa mwaka mzima ili irekodi nyimbo zake za Pasaka. Ilikusudia kuziweka soprano, alto, tena na besi kila moja katika maikrofoni yake, ili mwalimu aweze baadaye kuirekebisha sauti moja pasipo kuzigusa nyingine. Dukani wakauziwa mikisa yenye njia nane na mlango wa USB. Usiku wa kurekodi kila kitu kilionekana shwari. Walipoifungua kazi katika kompyuta walikuta njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia, na sauti zote zimekwisha kuchanganywa kama chai na maziwa. Alto waliteleza katika ubeti wa pili, na kosa lao halikuweza kutolewa.

Muuzaji alijibu kwamba hakusema uongo. Sanduku limeandikwa njia nane, nazo zipo. Limeandikwa USB, nayo ipo. Ni lazima tukiri kuwa alikuwa na hoja. Mikisa nyingi za aina hiyo huchanganya njia zote ndani yake, kisha huipelekea kompyuta mchanganyiko uliokwisha kukamilika. Risiti ya kwaya ilisema "mikisa moja" na bei, basi. Baada ya usuluhishi muuzaji alikubali kubadilisha, kwaya ikaongeza fedha, na Pasaka ikapita bila nyimbo.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji ni hili: ni njia ngapi zinazofika katika kompyuta kwa wakati mmoja, kila moja peke yake? Msanii anayeimba peke yake juu ya mdundo uliokwisha kutengenezwa anahitaji njia moja, au mbili akipiga na gitaa. Kwaya ile ilihitaji nne, zote zenye kikuzaji cha maikrofoni. Hilo la kikuzaji msilipuuze. Chukueni mfano wa Scarlett 18i20 ya kampuni ya Focusrite, ambayo jina lake lataja maingilio 18. Maingilio ya kuchomeka maikrofoni ni manane. Mengine kumi ni ya kidijitali, kwa ajili ya vifaa vingine vya studio. Mtengenezaji ameyaeleza hayo waziwazi, lakini anayehesabu namba ya jina pekee atakosea hesabu yake.

Swali la pili lahusu umeme wa volti 48. Maikrofoni za kondensa, ambazo ndizo wengi wenu mnazo, huhitaji umeme huo upite katika waya uleule wa sauti. Maikrofoni za kawaida za dainamiki haziuhitaji. Tatizo ni kwamba maandishi "48V" ni rahisi kuyachapa kuliko kuutoa umeme wenyewe. Jambo hili lapimika: fundi awashe kitufe cha volti 48, aweke mita yake katika tundu la XLR, baina ya pini ya 1 na ya 2, kisha baina ya 1 na 3. Mara zote mbili mita isome kati ya 44 na 52. Ikisoma 12, kifaa hicho hakitoi kilichoandikwa. Muuzaji anayekataza kipimo cha dakika moja amekwisha kuwajibu.

Kuna pia zile kadi zenye vitufe vya vicheko na makofi, zilizotengenezwa kwa ajili ya kurusha matangazo mubashara kwa simu. Zina kazi yake, wala hatuzidharau. Ila nyingi hazikukusudiwa kurekodi albamu, na anayekuuzia kwa kazi hiyo anakupotosha.

Namba kubwakubwa za ubora zisiwatishe. Diski ya CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16. Kadi ya biti 24 na vipimo 48,000 yatosha kabisa kwa studio ya nyumbani. Msilipe ziada kwa sababu ya 192 pekee. Vivyo hivyo kwa aina ya USB: njia moja ya ubora huo hubeba biti 1,152,000 kwa sekunde, ilhali USB 2.0 ina kasi ya biti milioni 480. Njia nne za kuingia na nne za kutoka hazifiki hata milioni kumi.

Lililo la maana zaidi ni kuchelewa kwa sauti. Mwimbaji akijisikia katika hedifoni nyuma ya mdomo wake, huyumba. Kwa hiyo chagueni kadi inayomrudishia sauti moja kwa moja bila kuipitisha katika kompyuta. Na kwa kompyuta za Windows, hakikisheni mtengenezaji ametoa programu endeshi ya ASIO inayokubali toleo la Windows mnalotumia. Nendeni dukani na kompyuta yenu wenyewe. Kompyuta ya duka itathibitisha kwamba kadi inafanya kazi na kompyuta ya duka.

Mwisho ni karatasi. Dai risiti ya EFD, na pamoja nayo ankara yenye mhuri inayotaja kazi uliyomweleza muuzaji: "ya kurekodi maikrofoni nne, kila moja katika njia yake". Laiti kwaya ile ingalikuwa na mstari huo, shauri lingaliisha siku moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakiondoi katazo hilo.

Sasa tunakaribisha maswali. Waliokuja na kadi zao waziweke katika meza ya kulia. Fundi yupo pale na mita yake.