Sahani, Miguu na Sisi Tuliomaliza Shule

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kisarawe)



Nimepewa dakika 20 kuzungumza juu ya chakula na mazoezi. Najua pilau imekwisha kuepuliwa na harufu yake imewafikia, kwa hiyo nitajitahidi dakika hizo zisiishe zote. Mimi si daktari bingwa. Nilikuwa mganga msaidizi kwa miaka mingi, nimestaafu, na sasa nalima kidogo kule Kibaha.

Asubuhi, wakati mnajiandikisha, nilikaa pale mlangoni na kipimo cha presha. Wengi wa rika langu walikubali kufungwa kile kitambaa mkononi, na baadhi yao walistaajabu nilipowaambia kuwa presha yao iko juu. "Mbona sijisikii vibaya?" Ndugu zangu, hilo ndilo tatizo lenyewe. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Mwenzetu mmoja, ambaye zamani hakuna aliyeweza kumkamata upande wa winga ya kulia, leo amekuja na mkongojo na mkono mmoja hauinuki. Ameniruhusu niseme hivyo, ila jina nisitaje. Alipata kiharusi sokoni, na hakuwa amewahi kupimwa hata mara moja. Sasa nawaomba wote niliowaambia asubuhi warudie kupimwa katika zahanati iliyo karibu nao, maana kipimo cha mara moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa.

Wapo wanaosema haya ni magonjwa ya wakubwa, wenye magari na vitambi. Zamani usemi huo ulikuwa na ukweli kiasi. Miaka ya 1980 wataalamu wa Muhimbili walipima watu wa vijiji 6 vya nchi yetu, wakakuta kisukari kwa watu wasiofika 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Na wenye presha ya juu walikuwa kama 26. Ni kweli kwamba vipimo na marika havikuwa sawasawa, na wa pili ulihusu miji pia. Hata hivyo pengo hilo ni kubwa mno kulifumbia macho.

Kilichobadilika ni nini? Damu yetu ni ile ile. Jembe limewekwa chini, miguu imepanda bodaboda, na sahani imebadilika. Wazee wa hapa Uzaramoni walikula muhogo, kisamvu cha nazi, kunde, mlenda, mchunga, samaki akipatikana. Na maembe na machungwa kwa msimu wake. Sisemi kila kitu cha kale kilikuwa chema. Muhogo mtupu unashibisha lakini haujengi mwili, na watoto wengi waliolelewa kwa muhogo na chai tu walidhoofu. Ndiyo maana serikali iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kiasi cha milioni 2 walikusanyika kwa vikundi mbele ya redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wenye umri wangu mnakumbuka. Napenda mfano huo kwa sababu watu hawakuishia kusikiliza. Jioni ile ile walishika sururu.

Sasa nyinyi vijana. Nimepita pale nje ya geti nikahesabu vibanda vya chipsi. Chipsi mayai si sumu. Ukila siku ya sikukuu hakuna atakayekugombeza. Lakini ukila kila jioni, ukashushia soda, hebu fanya hesabu: chupa ya mililita 350 huwa na sukari isiyopungua gramu 35 hivi. Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku nzima. Na chumvi isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Kwa hiyo acheni kunyunyiza kabla ya kuonja!

Kwa upande wa mazoezi, wengine hudhani lazima uwe Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi utepe, naye pia akawa chini ya rekodi ya zamani. Baadaye Bayi alianzisha shule kule kwetu Kibaha. Basi vijana wenye mapafu mfuateni. Sisi wengine tunaambiwa dakika 150 kwa juma za kutembea kwa haraka zinatosha, yaani dakika 30 kwa siku 5. Watoto na vijana hadi miaka 17 wanahitaji dakika 60 kila siku, na hapo ndipo mchakamchaka wa asubuhi unapopata utetezi wake. Nasikia wapo wanaouona ni adhabu. Sisi pia tuliuona hivyo, hasa mwezi wa Julai kukiwa na baridi na umande.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalijui. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kama insulini ni haba. Ndiyo sababu mimi, nikimaliza chakula cha usiku, hutembea robo saa kando ya barabara pale Maili Moja. Jirani zangu walidhani natafuta mbuzi aliyepotea. Siku hizi wawili wanafuatana nami. Aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze na dakika 10 na aongeze polepole. Akisikia kifua kinabana, asimame na aende hospitali.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, nina hoja. Kila mwaka chama chetu huwanunulia vijana hawa makreti ya soda siku ya mkutano. Napendekeza mwaka ujao fedha hizo zinunue majembe, mabomba ya kumwagilia na mbegu za mchicha, na ule uwanda nyuma ya bwalo urudi kuwa bustani. Mimi nitaleta mapingili ya muhogo na miche 20 ya mipapai kutoka Kibaha, kwa gharama yangu. Anayeunga mkono anyooshe mkono. Na anayepinga aseme sasa, kabla hatujaenda kwenye pilau.