Mkono Uliolegea: Maneno kwa Wapiga Kinanda



Nimeombwa kusema juu ya kinanda. Nitasema hasa juu ya mkono wa mwenye kukipiga, maana ndiko taabu inakoanzia.

Katika piano, kidole kinaposhusha kibonyezo, nyundo ndogo hurushwa, hugonga waya, kisha huanguka nyuma. Baada ya hapo, hata ukikandamiza kwa nguvu za mwenye kutwanga sombe, sauti haiongezeki hata kidogo. Nguvu hiyo hukaa bure katika kifundo cha mkono, hupanda katika kiwiko na bega, na kuyakaza. Katika harmoniamu vilevile: ukubwa wa sauti hutoka katika miguu inayokanyaga mivukuto, wala si katika vidole. Kidole kikiisha kushuka, kibaki na uzito ule tu wa kuzuia kibonyezo kisipande.

Leon Fleisher, Mmarekani, alishinda mashindano ya Malkia Elisabeth mjini Bruxelles mwaka 1952. Alijizoeza saa nyingi mno. Katikati ya miaka ya 1960, vidole viwili vya mkono wake wa kuume vilijikunja vyenyewe, vikakataa kumtii. Kwa miaka mingi alifundisha, aliongoza orkestra, akapiga nyimbo zilizotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake, kama konserto ile ya Ravel. Waganga waliuita ugonjwa huo distonia: amri za ubongo kwa misuli zimevurugika. Katika miaka ya 1990 alikandwa misuli, akapigwa sindano za kuilegeza, ndipo akarudi kupiga kwa mikono miwili. Hata hivyo hakupona kabisa, mpaka kufa kwake mwaka 2020.

Kwa hiyo sipendi kusikia wakubwa wa korale wakimwambia kijana anayeumwa mkono: «Vumilia tu.» Maumivu si uvivu. Aache kupiga, apumzike. Yakidumu, aende kwa mganga.

Na hofu je? Chopin mwenyewe alichukia kupiga mbele ya umati. Alipenda vyumba vidogo vya rafiki zake. Hofu hupandisha mabega na kufupisha pumzi, na kumwambia mtu «usiogope» hakumsaidii. Heri aupe mwili kazi: atoe pumzi polepole, ashushe mabega, aimbe moyoni mstari wa kwanza kwa mwendo anaoutaka, kusudi asianze mbio. Nanyi Mapadri mnaongoja altareni, mvumilieni nusu dakika hiyo.