Oili Inayovuja Tena na Tena: Kagua Briza Kabla ya Kufungua Injini

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wenye magari, madereva wa matatu na teksi, na mafundi wa Jua Kali katika kaunti.)



Magari mengi yanayobeba abiria na mazao katika barabara zetu si mapya. Kanuni ya KS 1515 huruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa na umri usiozidi miaka 8, na baada ya hapo mengi hutembea miaka mingi zaidi. Magari hayo huja na shida moja ambayo imewagharimu watu pesa nyingi. Oili inavuja, sili inabadilishwa, na baada ya wiki chache inavuja tena pale pale. Mwenye gari anamlaumu fundi, naye fundi anailaumu spea. Mara nyingi wote wawili hawajagusa chanzo, yaani presha iliyozidi ndani ya krankikesi, ile sehemu ya chini ya injini ambamo krankishafti huzunguka.

Hata injini mpya hupitisha gesi kidogo. Mafuta yanapowaka ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka chini. Gesi hiyo lazima itoke. Katika magari ya petroli hutoka kupitia vali ndogo iitwayo PCV, kisha hurudishwa kwenye njia ya hewa ikachomwe upya. Mpira mwingine, ambao mafundi huuita briza, huunganisha injini na njia ya hewa safi. Mfumo huu si mgeni: magari mapya yanayouzwa California, Marekani, yalianza kufungwa vali hiyo mwaka wa 1961 ili kupunguza uchafu wa hewa.

Kwa hiyo presha huzidi kwa sababu kuu mbili: ama njia ya kutokea imeziba, ama gesi inayoshuka imekuwa nyingi kwa kuwa ringi au silinda zimelika. Sababu ya kwanza hurekebishwa kwa gharama ndogo. Ya pili hudai injini ifunguliwe. Hasara huanza pale mtu anapoambiwa afungue injini kabla ya kujua ana ipi kati ya hizo mbili.

Dalili ni hizi: oili kuvuja kwenye sili na gasketi ya tapeti kava, kijiti cha kupimia oili kusukumwa juu, oili kuonekana ndani ya chujio la hewa, na moshi wa bluu kwenye ekzosi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Egesha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, weka gia huru na uwashe injini ya petroli. Kaa mbali na mikanda na feni. Fungua polepole kifuniko cha kutilia oili, kisha laza karatasi ngumu juu ya tundu. Ikivutwa kidogo, mfumo unapumua. Ikirushwa juu, na moshi ukafuata, kuna presha.

Zima injini, iache ipoe, kisha toa vali ya PCV na uitikise. Kwa kawaida husikika ikigonga ndani. Ikiwa kimya, imegandishwa na tope la oili. Ibadilishe, usafishe mipira yote, na ule uliopasuka au kulainika utupwe. Hakikisha pia oili haikuzidi alama ya juu ya kijiti, na chujio la hewa halijaziba. Rudia kipimo cha karatasi. Presha ikiwa imeisha, sasa ndipo badilisha sili iliyokuwa ikivuja.

Presha ikibaki, mwombe fundi apime kompresha ya kila silinda injini ikiwa na joto. Silinda ya petroli iliyo chini ya nyingine itiliwe kijiko kimoja cha chai cha oili, ipimwe tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au silinda imelika. Kisipopanda, yawezekana shida ni vali au gasketi ya hedi. Ukiwa na majibu hayo mkononi, unajua unalipia nini.

Kwa wenye dizeli kuukuu, mambo mawili zaidi. Mvuke mwepesi kwenye tundu la oili ni wa kawaida, kwa hiyo usiogope haraka. Na kabla ya kulaumu ringi, kagua turbo, pamoja na pampu ya mvuto wa breki, ambayo katika injini nyingi za zamani hukaa nyuma ya alteneta. Turbo iliyochoka, au mpira wa pampu hiyo uliopasuka, huweza kusukuma hewa hadi ndani ya krankikesi.

Yapo mambo mawili ya kuacha kabisa. La kwanza ni kuziba briza ili oili isitoke: presha itatafuta sili nyingine, na oili ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. La pili ni kuuning'iniza mpira chini ya gari, kwani gesi hiyo ina mafuta ambayo hayajaungua, na huwafikia wanaotembea kando ya barabara na wanaouza karibu na stejini.

Kinga ni kubadilisha oili kwa wakati, kwa sababu oili iliyokaa sana ndiyo inayogeuka tope na kuziba vali. Gari linalotembea safari fupi tu, hasa sehemu za baridi, lisingoje muda mrefu: injini isiyopata joto vizuri hubaki na maji ndani. Oili chafu ikusanywe kwenye mtungi, isimwagwe mtaroni wala mtoni.

Presha ipimwe kwanza, sili baadaye, na injini ifunguliwe mwisho.