SUKARI NA NGOZI YA MWANADAMU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa chama, Buyenzi, Bujumbura)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Ama baada ya hayo, wakubwa wa chama wamenitaka nizungumze juu ya siha, nami nimechagua jambo ambalo wengi hawalidhanii, yaani sukari na athari yake katika ngozi. Mimi si tabibu; haya ni maneno ya matabibu, nami nayafikisha kwenu.

Sukari ni halali. Lakini Qur'ani Tukufu, katika Sura ya 7, imeturuhusu kula na kunywa na papo hapo ikatukataza israfu. Tujiulize, basi, israfu ya sukari yaanzia wapi?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka kipimo: sukari inayotiwa katika chakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tunayoipata kwa chakula kila siku. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na nusu yake ni bora zaidi. Kijiko cha chai huchukua gramu 4. Anywaye vikombe 3 vya chai, kila kimoja vijiko 4, amekwisha kufika gramu 48, naye hajagusa andazi wala soda. Na chupa moja ya soda ya mililita 300 aghalabu ina gramu 30 na zaidi.

Sasa natuitazame ngozi. Ndani yake mna nyuzi ziitwazo kolajeni, zinazoishika ngozi kama kamba zinavyoshika kitanda. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu hugandamana na nyuzi hizo, zikawa ngumu, na ngozi ikapoteza ulaini wake. Jambo hili ni la jamii moja na lile la andazi kugeuka rangi katika mafuta ya moto, ila mwilini hutendeka polepole kwa miaka mingi. Na kwa baadhi ya vijana, vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka huongeza mafuta ya ngozi, na chunusi huzidi.

Iko alama nyingine: ngozi ya shingo au ya kwapa kuwa nyeusi na nene, mithili ya mahameli. Mama humsugua mtoto akidhani ni uchafu. Msichana hununua dawa ya kujichubua. Mwingine husema ni hasidi. Mara nyingi sivyo. Huwa ni dalili kwamba insulini imezidi mwilini, hasa kwa mtu aliyenenepa, na kwamba maradhi ya sukari huenda yakawa karibu. Mwenye kuificha alama hii kwa dawa ya kujichubua amefunika moshi na kuuacha moto. Na baadhi ya dawa hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo.

Tusije tukawalaumu wagonjwa. Wako watoto wanaopatwa na maradhi haya bila ya kosa lolote, na wako watu waliyoyarithi kwa wazazi. Lakini sukari nyingi hunenepesha, na unene hufungua mlango wake.

Lililo zito zaidi ni mguu. Maradhi haya yakikaa, mishipa ya fahamu hufa ganzi na damu haifiki vyema miguuni. Mtu hukanyaga msumari asiusikie. Kidonda hakiponi, huoza, na mwisho mguu hukatwa. Mwenye nyumba aliyekuwa akilisha watu wanane hubaki kulishwa.

Lakini sisi tunaosali tunaosha miguu kila tutawadhapo. Basi tuoshapo, tuitazame: nyayo, visigino na baina ya vidole. Kisha tukaushe baina ya vidole, kwani unyevu huleta fangasi. Mwenye ganzi asiyajaribu maji ya moto kwa mguu, bali kwa kiwiko, wala asitembee pekupeku. Akiona kidonda, aende kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na mwenye alama shingoni, au kiu nyingi, au mwasho usiokwisha, apimwe damu asubuhi kabla ya kula. Ikionekana gramu 1.26 za sukari katika lita au zaidi, daktari hurudia kipimo ili ahakikishe. Mgonjwa aonane na daktari kabla ya Ramadhani, kwani sharia imempa mgonjwa rukhsa, naye asione haya kuitumia.

Kwetu heshima ya mgeni hupimwa kwa utamu wa chai, na anayepunguza sukari huitwa bahili. Nashauri kuwa katika shughuli za chama hiki, kuanzia Maulidi yajayo, chai iletwe bila ya sukari, na bakuli la sukari liwekwe kando, kila mtu atie kadiri yake. Na kwenye futari, maji yatangulie soda. Hayo hayatatugharimu hata faranga moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie siha njema, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.