AKILI YA BIASHARA KWA MFANYA KAZI

(Hotuba iliyosomwa Mutomo mbele ya wanachama waliokuwa nyumbani kwa likizo. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la halmashauri ya tawi.)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo liitwalo ujasiriamali. Siku hizi neno hili linasemwa kila mahali, katika redio, barazani kwa chifu, hata matangani. Ukilifungua utakuta ndani yake maneno mawili: ujasiri na mali. Wazee wetu hawakuwa na neno hilo, lakini kazi yenyewe waliijua vizuri, kama nitakavyoonyesha. Mimi si mwalimu wa biashara. Ni mtu wa reli, masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na hesabu nitakazozitoa leo ni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Kwa jambo hili hizo zatosha.

Ndugu mmoja aliniuliza hapo mlangoni: chama cha wafanya kazi chahusika nini na biashara? Kazi yetu si kudai mishahara? Nimjibu mbele yenu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli iliyokuwa ya nchi tatu ikagawanywa. Mwezi wa Novemba 2006 reli yetu ikakabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo haukufika hata nusu. Ulikatwa mwaka 2017, mwaka ule ule treni za reli mpya zilipoanza kukimbia kati ya Mombasa na Nairobi. Katika kukabidhiwa kule maelfu ya wafanya kazi walipunguzwa. Mtu aliyejua kufunga reli, au kupanga mabehewa, au kupiga simu ya stesheni, alirudi nyumbani na bahasha ya kiinua mgongo, na hapakuwa na mtu aliyemwonyesha la kufanya nayo. Wengine walinunua matatu kuukuu. Wengine walifungua duka mahali penye maduka sita yanayouza sukari ile ile na sabuni ile ile. Baada ya muda bahasha ikawa tupu. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Lakini nataka tuelewane sawasawa. Wako wakubwa wanaopenda sana kutuhubiria ujasiriamali siku tunapodai nyongeza ya mshahara. Wanasema, jitegemeeni, fugeni kuku. Tusikubali hila hiyo. Mshahara ni haki ya jasho lililokwisha kutoka, na kibanda cha mke wako sokoni si sababu ya mwajiri kukulipa kidogo. Haya ni mambo mawili, na chama kina mikono miwili.

Sasa, akili ya biashara ni nini? Wengi wetu tunadhani ni kuwa na mtaji. Ukimwuliza mtu kwa nini hafanyi biashara, atasema, sina mtaji. Basi tumtazame mtu wa kwetu Ukambani ambaye hakuwa na mtaji wowote. Alikuwa Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, upande wa Machakos. Inasimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya kwanza, ile ya 1914 mpaka 1918, alipelekwa Tanganyika pamoja na jeshi la Waingereza, na huko akawaona Wazaramo wakichonga vinyago vya miti. Vijana wengi wa Kikamba walipita njia hiyo, wakaona waliyoyaona, wakarudi nyumbani na makovu na hadithi. Mutisya alirudi na ufundi. Alikuwa na tezo, kisu, na mti uliosimama karibu na nyumba yake.

Angalieni alichokiona. Wakamba tangu zamani walichonga vigoda, mizinga ya nyuki na vijiko, vitu vya kutumia nyumbani. Mutisya aliona kwamba mgeni atatoa fedha kwa kitu ambacho hawezi kukikalia wala kulia chakula. Atatoa fedha kwa sababu anataka kurudi kwao na kitu cha kuonyesha. Haja hiyo ilikuwapo mbele ya macho ya watu wote, wala hakuna aliyekuwa ameihesabu kuwa ni soko. Hiyo ndiyo akili ya biashara, ndugu zangu: kuona haja ya mtu mwingine kabla ya kuiona fedha yake. Mtaji huja nyuma ya hapo.

Mwanzoni ufundi ulikaa katika jamaa yake, kisha majirani wakajifunza, na baada ya miaka Wamunyu nzima ilikuwa ikichonga twiga, vifaru na wapiganaji wenye mikuki. Vita vya pili vilileta askari wa kigeni, baadaye wakaja watalii. Wachongaji wengi walihamia Mombasa, karibu na meli na hoteli. Mwaka 1963 wakaunda ushirika wao huko Changamwe, na mpaka leo wapo. Mchongaji aliye peke yake humwuzia mchuuzi kwa bei ya njaa, maana jioni lazima anunue unga. Wachongaji walio pamoja wanaweza kungoja. Sisi wa chama twaijua nguvu ya kungoja pamoja. Ndiyo nguvu ya mgomo.

Hata hivyo hadithi hii ina upande mchungu. Mpingo na muhugu, miti iliyowapa kazi, ilikatwa kuliko inavyoota. Muhugu ni mti unaokua polepole sana. Ikawabidi wengi wageukie mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mtu wa biashara lazima aulize kitu anachouza chatoka wapi, na kama kesho kitakuwapo. Nasema hivi hapa Mutomo kwa makusudi, kwa sababu ya makaa. Kila mmoja wetu anajua kilima ambacho kilikuwa na miti alipokuwa mtoto.

Tukirudi nyuma zaidi, kabla ya reli, watu wa Kitui walikuwa wafanya biashara wakubwa. Miaka ya 1840 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu pwani mpaka Mombasa. Kivoi, mtu mkubwa wa Kitui, alijulikana kote. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1849, na Kivoi aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851, safarini karibu na mto Tana, Krapf akiwa katika msafara huo huo. Wazee hao walijua jambo ambalo sisi wa reli tunaliona kila siku: safari ya kurudi mtupu ni hasara. Walikwenda na pembe, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Behewa linalopanda kutoka Mombasa limejaa na kuteremka tupu limekula mafuta mara mbili kwa mzigo mmoja. Kosa lao wazee lilikuwa kutegemea kitu kimoja. Ndovu walipopungua karibu, na watu wa pwani walipoanza kupanda bara na misafara yao wenyewe, biashara ile ikawaponyoka. Kisha reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na msafara wa miguu ukawa hauna kazi.

Basi tuje kwa leo. Hapa kwetu mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba mpaka Desemba, na ndengu huvunwa mapema mwaka unaofuata. Wakati wa mavuno kila nyumba inauza kwa pamoja, kwa sababu kila nyumba ina karo ya shule. Dalali anakuja na gorogoro lake, anapanga bei, anaondoka. Baada ya miezi michache bei inaweza kupanda. Tangu lami ilipofika Mutomo kutoka Kibwezi, lori laweza kufika barabara ya Mombasa bila kuzama katika mchanga. Haja ipo, njia ipo. Sasa tufanye hesabu. Bei nitakazosema ni za mfano tu. Kila mtu aweke za msimu wake.

Tuseme mwanachama na mkewe wananunua magunia 20 ya ndengu, kila gunia kilo 90, kwa shilingi 60 kilo. Hiyo ni kilo 1,800, shilingi 108,000. Magunia yasiyopitisha hewa, shilingi 250 kila moja, ni 5,000. Lori 12,000. Vibarua wa kupakia na kupakua 2,000. Ushuru 1,000. Jumla ni 128,000. Baada ya miezi mitatu wanauza kwa 85 kilo, wanapata 153,000. Mkononi kuna 25,000 zaidi.

Wengi hapa husimama wakashangilia, lakini mwenye akili ya biashara anauliza maswali mengine. Kama hawakununua magunia mazuri, na fukusi wakala magunia mawili? Watauza 18 tu, wapate 137,700. Walikuwa wameokoa 5,000 za magunia, kwa hiyo gharama ni 123,000, na kinachobaki ni 14,700. Kuokoa shilingi 5,000 kumewagharimu zaidi ya 10,000. Na fedha ya kuanzia ilitoka wapi? Kama shilingi 100,000 zilikopwa kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa riba ya kumi kwa mia kila mwezi, miezi mitatu ni 30,000. Faida yote imeliwa, na deni la 5,000 limebaki. Zikikopwa katika ushirika wetu wa akiba kwa moja kwa mia kila mwezi, riba ni 3,000, na mkononi zinabaki 22,000. Ndengu ni zile zile, lori ni lile lile, mvua ni ile ile. Kilichofanya mmoja alie na mwingine acheke ni mahali alipokopa. Mikopo ya haraka ya simu nayo iangalieni kwa jicho hilo hilo. Hesabuni riba kwa mwezi, msihesabu urahisi wa kubonyeza.

Na ikiwa bei haikupanda? Mwaka mwingine haipandi. Ndiyo maana neno lile lina ujasiri ndani yake. Lakini ujasiri bila daftari ni kamari. Mtu asiweke katika ndengu fedha ambayo akiipoteza watoto watarudishwa kutoka shuleni.

Daftari hilo ni la shilingi hamsini. Upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka, kila siku, hata siku ya shilingi kumi. Wengi wetu tunaangalia fedha iliyomo ndani ya sanduku jioni tukiiita faida. Ile si faida. Ndani yake kuna fedha ya kununua bidhaa kesho, kuna kodi ya nyumba, kuna deni la muuzaji wa jumla. Duka haliuawi na mwizi. Linauawa na mwenyewe akichukua nyama ya jioni kutoka sandukuni, na shemeji akichukua sukari kwa maneno ya nitalipa. Shemeji ni mtu wa heshima, simtukani. Msaidie kutoka mfukoni mwako, si kutoka dukani. Na wewe mwenyewe jipangie mshahara. Sisi tumezoea siku ya malipo. Basi duka nalo likulipe siku ya mwisho wa mwezi, kiasi kinachojulikana, na katikati ya mwezi usiliguse.

Hapa nina neno ambalo huenda halitawapendeza wote. Nani anafanya kazi katika biashara hizi wakati sisi tuko kwenye reli? Ni wake zetu, na vijana tunaowachukua kutoka kwa jamaa. Mke anaamka saa kumi na moja, anapima, anabeba, anauza, na mwisho wa msimu mume anakuja na treni, anahesabu fedha na kuondoka nazo. Jina lake halimo katika daftari. Na kijana wa duka analala juu ya magunia, analipwa chakula na ahadi. Mwanachama wa namna hii anakuja mkutanoni akinyosha mkono, anasema mwajiri anatunyonya! Katika mfano ule wa ndengu, ile 22,000 haijalipa kazi ya mtu yeyote aliyeshinda sokoni miezi mitatu. Mkiweka malipo hayo katika hesabu, kama inavyotakiwa, mtaona kwamba biashara nyingi tunazojisifia zinasimama juu ya kazi ya bure. Ikiwa biashara haiwezi kumlipa kijana, haijawa biashara bado, na bora tuijue mapema.

Halmashauri imekubali jambo moja, nami nimeombwa kulitangaza. Wale watakaopenda kununua ndengu pamoja msimu ujao, badala ya kila mtu na magunia yake matatu, wampe katibu wa tawi majina yao kabla ya mwisho wa Novemba. Tutanunua kwa mizani, si kwa gorogoro, na mkulima atasomewa kilo zake mwenyewe akiona. Daftari litakuwa wazi kwa kila aliyetoa fedha. Akina mama watakaosimamia ghala wataandikwa kwa majina yao na kiwango chao cha malipo. Na kwa kuwa lori litarudi kutoka Mombasa, anayejua kitu kinachohitajiwa hapa Mutomo ambacho chaweza kujaza lori hilo, aje na bei zake katika mkutano ujao.