MAKATO YETU NA MENO YETU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mbaraki)

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu twabeba mizigo shavu limevimba, karafuu mdomoni, mpaka jino la kuzibwa likawa la kung'olewa. Twaogopa gharama. Lakini tangu Oktoba 2024 mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya SHA: mwenye Shs. 20,000 hutoa Shs. 550 kila mwezi. Hilo ni jasho lako.

Basi hakikisha umeandikishwa, na mwajiri apeleka makato. Nenda mapema idara ya meno, Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara. Kabla hujaketi kitini, uliza bima italipa nini, nawe utabakiwa na nini. Ukirudishwa, lete karatasi chamani.

Mficha maradhi, kilio humfichua.